Imani ni hati, tumaini ni kiwanja: jinsi ya kuamini na kusubiri bila kujidanganya

Ngoja nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilifanya intavyuu ya kazi moja nzuri sana, nikatoka pale moyo mweupe, nikaingia mfungo wa siku 21, kila asubuhi nakiri kwa sauti "kazi hii ni yangu, naipokea", mwezi ukaisha sina kodi nikamfuata mama mwenye nyumba nikamwambia mama nivumilie kidogo, mwezi ujao nakulipa ya miezi mitatu kwa mpigo, kwa imani. Akaniangalia, akasema, "Imani ni yako baba, kodi ni yangu."

Kazi akapewa mtu mwingine. Na kilichonitesa baadaye wala sio ile kazi, ni kwamba nilikaa kama miezi miwili hivi sisali kabisa, maana kichwani kwangu Mungu alikuwa amevunja ahadi. Ahadi ambayo ukiniuliza kwa utulivu aliitoa lini, sina jibu.

Sasa hapa naandika namna nilivyojipanga upya baada ya pale, na ndivyo huwa tunafanya hata kwenye jumuiya yetu ya mtaani mtu akija amevunjika moyo. Mimi sio mchungaji wala sijasoma chuo cha Biblia. Unahitaji Biblia (mistari humu nanukuu ile tafsiri ya Union tuliyokua nayo), daftari, na nusu saa bila simu.

Anza na maneno yenyewe

Fungua Waebrania 11:1. Wengi tunaukariri huu mstari tangu Sunday school tunaupitia mbio kama namba ya simu: "Basi imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo, ni bayana ya mambo yasiyoonekana." Rudia polepole. Humo ndani kuna vitu viwili, sio kimoja. Kuna imani, na kuna mambo yatarajiwayo, yaani tumaini, na hicho cha kwanza ndo kinakibeba cha pili. Tukiviita vyote "imani" tunachanganya mafaili.

Neno la Kigiriki lililowekwa "hakika" pale ni hupostasis, kitu kinachosimama chini ya kitu kingine, msingi. Na neno hilo hilo limekutwa kwenye nyaraka za kale za mafunjo kule Misri zinazohusu umiliki wa mali, ndo maana wapo wafafanuzi wanaosema unaweza kuusoma mstari hivi: imani ni hati ya mambo yatarajiwayo. Sio wote wanakubaliana, ila mimi mfano huo ulinikaa kichwani kwa sababu mtu yeyote aliyewahi kununua kiwanja huku kwetu anauelewa bila kuelezwa. Una karatasi mkononi, kiwanja kiko mbali, kina majani tu na kichuguu kimoja, hujajenga hata choo, lakini ukiulizwa unasema "nina kiwanja". Karatasi ndo imani. Kiwanja ni tumaini.

Na sote tunajua karatasi haina maana yoyote kama aliyeiandika ni tapeli. Unaweza kuikumbatia usiku kucha, ukaitia plastiki, ukailalia chini ya godoro, kama kiwanja kilishauzwa mara mbili umeliwa. Kwa hiyo nguvu ya hati haiko kwenye jinsi wewe unavyoishika, iko kwa aliyegonga muhuri. Hapa ndo nilipokosea na intavyuu yangu: nilikuwa nakaza mikono kweli kweli kwenye karatasi niliyoiandika mimi mwenyewe.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa. Imani, amini, mwaminifu, amana, hata ile Amina ya mwisho wa sala, ukoo mmoja huo. Amana humwachii mtu usiyemjua. Kwa hiyo kuamini kwanza kunamwelekea mtu, habari zake zinafuata. Na tumaini huko Kiarabuni lilikotoka linabeba maana ya kutulia, roho kukaa mahali pake, tofauti kabisa na tunavyolitumia siku hizi tukimaanisha "labda labda". Ukitaka kukagua haraka jiulize maswali mawili: namwamini NANI, halafu natarajia NINI kutoka kwake. Swali la kwanza ni imani, la pili tumaini. Ukiona una jibu refu la swali la pili na la kwanza unababaika, hapo pana shida.

Kimoja bila kingine kinakuwaje

Imani bila tumaini ipo, Yakobo ameitaja na mifano yake inatisha: "Mashetani nao waamini na kutetemeka" (2:19). Wanajua Mungu yupo, wanajua ni mmoja, hawabishi. Ila hakuna chochote kizuri wanachokitarajia kutoka kwake. Kuna Wakristo wengi tu tunaishi hivyo, theolojia imenyooka, kanisani hatukosi, ukituuliza kesho tunaona giza.

Tumaini bila imani nalo lipo tena mtaani limejaa. Huo ni mkeka. Umebeti timu sita, una matarajio makubwa, moyo unadunda mpaka dakika ya 90, lakini hakuna mtu yeyote duniani aliyekuahidi kitu. Nilipoangalia nyuma nikaona yale maombi yangu ya siku 21 yalikuwa mkeka uliopakwa mafuta ya upako.

Sasa soma Yeremia 32, hii ndo darasa lenyewe

Usiruke hapa. Ni mwaka wa kumi wa mfalme Sedekia, jeshi la Babeli limeizingira Yerusalemu, na Yeremia mwenyewe amefungwa kwenye uwanda wa walinzi kwenye nyumba ya mfalme kwa sababu amekuwa akisema mji utachukuliwa. Katikati ya hali hiyo anakuja binamu yake Hanameli na dili la ajabu: ninunulie shamba langu la Anathothi. Anathothi ni kijiji nje ya mji, na nje ya mji ndiko maadui walipojaa! Dalali gani angekuuzia hilo shamba ukakubali. Lakini Mungu alishamwambia kabla kwamba Hanameli atakuja, kwa hiyo Yeremia analipa, shekeli 17 za fedha, anazipima kwenye mizani, anaandika hati, anatia muhuri, anaita mashahidi, nakala mbili, moja imefungwa na moja iko wazi, halafu anamkabidhi Baruku, mwandishi wake, aziweke kwenye chombo cha udongo zikae siku nyingi. Yaani utaratibu wote kama mtu ananunua wakati wa amani. Na sababu ni sentensi moja tu: "Nyumba, na mashamba, na mizabibu, itanunuliwa tena katika nchi hii" (32:15).

Angalia mambo matatu pale.

Yeremia hakukanusha hali. Yeye huyo huyo anayenunua shamba ndo anasema mji unaanguka. Hakusimama akakiri "hakuna Wababeli hapa".

Halafu alifanya kitu chenye gharama na chenye tarehe. Shekeli 17. Tumaini lake lilionekana kwenye mizani.

La tatu ndo linanifurahisha zaidi: akishamaliza kununua, ANAANZA KUULIZA. Soma maombi yake kuanzia mstari wa 16, anamsifu Mungu weee, halafu mwishoni kabisa linamtoka, kwamba wewe umeniambia ninunue shamba na mji wenyewe huu hapa umeshatiwa mikononi mwa Wakaldayo, yaani hao hao Wababeli. Mtu wa imani anashangaa na maamuzi yake mwenyewe mbele za Mungu, na hakemewi. Anajibiwa kwa swali: kuna neno gumu lolote nisiloliweza?

Na hatusomi popote kwamba Yeremia alikuja kulima lile shamba. Tunamwona baadaye anabebwa kupelekwa Misri na watu waliokataa ushauri wake. Ila ukifungua Ezra 2:23, kwenye ile orodha ya waliorudi kutoka uhamishoni ambayo sote tunairuka, utakuta mstari mfupi: watu wa Anathothi, 128. Mi nikiufikia ule mstari huwa nasimama kidogo.

Chora mstari kwenye daftari

Sasa kazi. Fungua ukurasa, chora mstari katikati, kushoto andika KIMEAHIDIWA, kulia andika NAKITAMANI. Orodhesha kila unachokiombea, kila kimoja, hata kile unachoona aibu. Kitu hakiruhusiwi kukaa kushoto mpaka uwe na andiko lake, na hilo andiko usome sura nzima pamoja na iliyotangulia. Hapa watu wengi wanakasirika, na mimi nilikasirika.

Mfano Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Umebandikwa kwenye bajaji, kwenye kalenda, kwenye status kila Jumatatu asubuhi. Panda mstari mmoja tu juu, wa 10: ni baada ya miaka 70. Ilikuwa barua kwa watu waliokwisha hamishwa Babeli na wameambiwa wajenge nyumba huko huko, wapande bustani, waoe, wauombee amani mji wa adui. Na sura ya 28 kuna nabii anaitwa Hanania alishawaambia watu kule Yerusalemu kitu kitamu zaidi, kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kinarudi. Miwili dhidi ya sabini! Wewe ungeshangilia ya nani? Hanania alikuwa na ujasiri, alikuwa na sauti, hata nira ya mbao iliyokuwa shingoni mwa Yeremia aliivunja mbele za watu. Kilichokosekana ni kutumwa na Mungu.

Ukimaliza kuchambua utashangaa safu ya kushoto inavyobaki fupi na nzito. Msamaha wa dhambi. Kwamba yuko nasi siku zote. Ufufuo wa wafu. Kwamba hakuna kitakachotutenga na upendo wake. Nchi mpya ambayo haki inakaa ndani yake. Na yote yamening'inia kwenye tukio moja, Petro anasema tumezaliwa mara ya pili tupate "tumaini lenye uzima" kwa kufufuka kwake Yesu Kristo (1 Petro 1:3). Hilo ndo muhuri kwenye hati. Kama kaburi halikuwa wazi hiyo karatasi yote ni ya kufungia maandazi, na Paulo mwenyewe anakubali hivyo kwenye 1 Wakorintho 15, sio maneno yangu.

Safu ya kulia wala usiifute. Kazi, mume, visa, mtoto, kiwanja, kupona. Sio dhambi kutamani, Wafilipi 4:6 inasema haja zako zijulikane na Mungu, kwa hiyo omba tu, omba kila siku ukipenda, lia kabisa. Tofauti ni kwamba kwenye hii safu unaomba kama mtoto anayemwomba baba, hudai kama mtu mwenye risiti.

Kama unataka kuona safu zote mbili zimetamkwa na watu walio hai kwa pumzi moja nenda Danieli 3, wale vijana watatu mbele ya tanuru. Wanasema Mungu wetu aweza kutuokoa, halafu papo hapo, "Bali kama si hivyo, ujue, Ee mfalme". Ile "bali kama si hivyo" kwa mahubiri mengi ya siku hizi ingeitwa kukosa imani. Kwenye Biblia ndo imani yenyewe imefika mwisho wake.

Kuhusu kukiri, dawa, na kujifanya

Hapa nitasema wazi maana nimeona watu wakiumia. Kukiri Neno ni kuzuri, Zaburi zimejaa. Ila kuna kukiri kwa kujidanganya, mtu ana presha, anasema "sina presha kwa jina la Yesu" na vidonge kaweka kabatini, akiamini akivimeza atakuwa ameonyesha mashaka. Linganisha na Ibrahimu kwenye Warumi 4:19, hakuwa dhaifu wa imani na bado "alifikiri hali ya mwili wake uliokuwa umekwisha kufa". Alifikiri! Aliuangalia mwili wa karibu miaka 100, akaangalia tumbo la Sara, hakujifanya kijana, halafu akaamini. Meza dawa yako, omba, rudi kliniki tarehe uliyoandikiwa.

Na tukisahau hili tunafika pabaya sana. Msitu wa Shakahola kule Kilifi, Kenya, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, watu waliokuwa wameambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu, na wengi wao walikuwa watoto. Walikuwa na bidii ambayo mimi sina. Kwa hiyo tukikutana na mtumishi anayepima imani yetu kwa kukata chakula, dawa au ndugu zetu, tusibaki pale tukijiuliza kama tatizo ni uchanga wetu wa kiroho. Tuondoke, na tumwambie mtu.

Jinsi ya kusubiri, maana hapo ndo kazi ilipo

Warumi 5:3-5 ina mnyororo: dhiki inaleta saburi, saburi inaleta uthabiti wa moyo, uthabiti wa moyo unaleta tumaini. Niliusoma kinyumenyume miaka mingi, nikidhani ukiwa na tumaini kubwa hutapata dhiki. Kumbe tumaini liko mwisho wa mnyororo, linapikwa.

Yakobo 5:7 anatupeleka shambani, mkulima anangoja mvua ya kwanza na ya mwisho. Kwao kule Palestina ya kwanza ni ile ya kulainisha ardhi ipandike, ya mwisho inajaza nafaka karibu na mavuno, na kwetu mtu wa vuli na masika haitaji tafsiri. Mkulima anayesubiri mvua hajalala. Ameshatifua, ameshatafuta mbegu, anapalilia. Asichofanya ni kuchimbua mbegu kila asubuhi aangalie kama imeota, na hicho ndo tunachofanya sisi tukirefresh email.

Kwa hiyo kwa kila kitu kilicho safu ya kushoto jitafutie shekeli 17 zako, kitu kidogo, cha kweli, chenye tarehe. Unatarajia upatanisho? Mpigie ndugu yako Jumamosi hii, sio "siku moja". Unasema unatarajia nchi ambayo haki inakaa? Acha kumpunja msichana wa kazi mshahara. Unasema wafu watafufuka? Mtembelee mgonjwa ambaye haponi. Yakobo 2:26, imani pasipo matendo imekufa, na mimi naongezea kwamba tumaini pasipo tarehe nalo huwa linaanza kunuka taratibu.

Siku imani ikiwa haipo kabisa

Itatokea. Usiipandishe kwa kujikamua, haitoki hivyo. Warumi 10:17 inasema chanzo chake ni kusikia, kwa hiyo kaa mahali unaposikia hata kama unasikia kwa shingo upande. Sala ya yule baba wa Marko 9:24 ni fupi unaweza kuisema hata kwenye daladala: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumwambia arudi akijaza tenki.

Halafu Marko 2, wale wanne waliotoboa dari wakamshusha mwenye kupooza. Inasema "alipoiona imani yao". Yao. Kuna wiki unabebwa, huo ndo ukweli, na ndo sababu nakusihi usikae peke yako. Ile miezi miwili niliyokuwa sisali kuna mzee mmoja wa jumuiya alikuwa anapita kila Alhamisi, hasemi neno kuhusu kazi, anasoma zaburi moja, anakunywa maji, anaondoka. Siku moja aliisoma ya 42, pale mtu anapoisemesha nafsi yake kwa nini unainama, nikajikuta nimesema amina kabla sijakumbuka kwamba nimesusa.

Wakatoliki wenzetu wana Sala ya Matumaini kwenye sala za asubuhi, na wale niliokua nao mtaani waliisema haraka haraka kabla ya chai: natumaini kwako, kwani ndiwe uliyeagana hayo nasi, nawe mwamini. Imani na tumaini vyote kwenye mstari mmoja, na sababu ni yeye aliyeagana. Hata ukiwa Mlokole iazime tu.

Msibani

Mwisho kabisa, maana hapa ndo haya yote yanapimwa. Paulo kwenye 1 Wathesalonike 4:13 hakusema msihuzunike. Alisema "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini". Huzuni imeruhusiwa, Yesu mwenyewe alilia akielekea kaburi la Lazaro akijua kabisa dakika chache mbele anamwita atoke. Kwa hiyo usimwambie mfiwa "usilie, tuna imani". Usimwambie "Mungu alimpenda zaidi", hilo huna andiko lake, liko safu ya kulia hilo tena kwa ubaya. Sema pole. Osha vyombo, beba viti. Mstari wa ufufuo unao, utauhitaji, ila sio siku ile watu wamejaa na spika inapiga. Nenda wiki ya tatu, turubai limeshakunjwa na ndugu wa mikoani wamesharudi kwao, nunua mkate njiani, ingia na Biblia yako, uliza kwanza kama amekula.